Simu ya kazi inapokelewa na mwanamke nisiyemjua, na simu yenyewe ninayo mfukoni

FundiFriji_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa majokofu hapa Tanga mjini, kibanda changu kipo Ngamiani. Namba yangu ya kazi haijabadilika tangu nianze kujitegemea. Imo kwenye kibao cha kibanda, na nimeiandika kwa wino mzito ubavuni mwa mafriza ya wauza samaki wengi pale Deep Sea, ili friza likizima mtu asihangaike kunitafuta. Samaki hawasubiri. Kwa joto la Tanga mwezi wa pili, friza likizima asubuhi, jioni hata paka anageuza uso.

Shida yangu ni hii. Wateja wananipigia, anapokea mwanamke. Si kila mteja, wala si kila siku. Wa kwanza kuniambia ni dada mmoja anayeuza pweza na changu. Alikuja kibandani kanuna: "Fundi, friza limezima tangu alfajiri, nakupigia anapokea mkeo ananiambia nimekosea namba. Kama hutaki kazi yangu si useme?" Nikampa simu aitazame mwenyewe. Hakuna simu yake hata moja iliyoingia. Nikamwambia nipigie hapa hapa. Akapiga, ikaita mkononi mwangu. Tukabaki tunatazamana.

Nikajua kakosea tarakimu, nikapuuza. Akaja muuza bucha wa Chumbageni na maneno yale yale. Kisha ikamfika mke wangu, na hapo mwenzenu ndipo nilipochanganyikiwa. Kapiga mchana, kapokea mwanamke. Akamuuliza, "Wewe nani?" Yule naye akamuuliza, "Kwani wewe nani?" Nimerudi nyumbani nimekuta chakula kimefunikwa mezani na mtu hasemi. Wallahi simjui huyo mwanamke.

Niliyokwisha kufanya: kijana wa duka la simu kaizima akaiwasha, kisha akaniambia inataka kuflashiwa, yaani kuwekewa programu upya, kaiflashi, kalipwa, tatizo liko pale pale. Nimehamisha laini kwenye kitochi, hali ni ile ile. Nimepiga huduma kwa wateja, nimesikilizishwa muziki mpaka mkono ukafa ganzi, mwisho nikaambiwa "laini yako iko sawa". Kuna mtu pia kanitumia WhatsApp kwamba nibonyeze *#21#, nikiona namba basi polisi wananisikiliza. Nimebonyeza, inasema haijasambazwa. Kwa hiyo polisi hawana habari na mimi.

Halafu kuna kero ya pili, ndogo. Nikiwa nachomelea bomba, mkono mmoja tochi mwingine waya, siwezi kupokea haraka. Mteja anasema simu inaita kidogo tu, kisha sauti ya mashine inamwambia kwa Kiingereza aache ujumbe. Nani Deep Sea ataiachia mashine ujumbe kwamba friza limezima? Na salio lake linakatwa. Hiyo nayo naitoaje?

Kijana_wa_Raskazone

Fundi, sisi ni wanaume wenzako, tuambie ukweli huyo ni nani, tutakutungia uongo mzuri.

Natania. Bonyeza ##002# umalize, inafuta madaivati yote, yaani maagizo ya kupeleka simu zako kwingine.

Mpwa_Pongwe

Hiyo simu imeingiliwa. Futa kila kitu, badilisha na nywila ya WhatsApp. Binamu yangu yalimkuta hivyo hivyo.

Mstaafu_wa_Mitambo

Fundi, usibonyeze ##002# kwanza. Itafuta kweli, lakini itafuta na ushahidi, hutajua namba ilikuwa ya nani wala iliingiaje. Na wewe Mpwa, soma alichoandika: kahamisha laini kwenye kitochi na tatizo likahama nalo. Kitu kinachofuata laini hakikai ndani ya simu. Aliyeiflashi alikula hela ya bure.

Nilifanya kazi ya mitambo ya simu kabla sijastaafu, kwa hiyo naomba unijibu maswali mawili. Moja, siku mkeo alipopiga, ulikuwa wapi hasa? Usiseme "kazini", sema ulisimama wapi. Pili, hao wateja wanasema simu iliita mara moja ikapokelewa, au palikuwa na kimya kwanza?

FundiFriji_Ngamiani

Shikamoo mzee. Siku ile nilikuwa ndani ya chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, kile kikubwa cha kuingia mtu. Nilifunga mlango ili nisikilize feni ya ndani, ilikuwa inakwaruza. Nilikaa humo muda mrefu kidogo.

Kuhusu kimya, umenishtua. Dada wa pweza alisema "inakaa kimya kwanza, nikadhani imekata, mara ikaanza kuita". Nilidhani ni maneno ya hasira tu.

Mstaafu_wa_Mitambo

Marahaba. Basi tumefika.

Kuta za chumba chako zikoje? Bati nje, bati ndani, katikati povu, na mlango mnene wenye mpira pande zote. Bati ni ukuta kwa mawimbi ya simu. Ukifunga mlango simu yako imezama, lakini mtandao haujui kama imezama, maana haikuaga. Ukizima simu au ukiiweka hali ya ndege, inautaarifu mtandao kwanza kwamba inaondoka, na mpigaji anajibiwa papo hapo. Ikizama ghafla, mtandao unaiita, unasubiri, hauitikiwi, ndipo unaamua kwamba haipatikani. Hicho ndicho kimya cha dada wa pweza.

Baada ya hapo mtandao unatazama kama uliacha maagizo. Maagizo ya kudaivati yako ya aina nne na kila moja ina namba yake. 21 ni kila simu ipelekwe kwingine, hata kama umeishika mkononi. 67 ni ukiwa unaongea na mtu mwingine. 61 ni ikiita usipokee. 62 ni usipopatikana, yaani umezima, huna chaji au umezama kama hivyo. Ujumbe wa polisi unaozunguka WhatsApp unakufanya uulize 21 peke yake, na 21 yako ni safi ndiyo maana ukiwa kibandani simu zinaingia vizuri. Na kwa taarifa ya wengine: kuona namba kwenye 61 au 62 si dalili ya kusikilizwa na mtu. Mara nyingi ni namba ya mashine ya ujumbe wa sauti ya mtandao wenyewe.

Maagizo haya yanatunzwa kwenye mtambo wa kampuni, chini ya namba yako. Ni kama mtu aliyemwambia jirani, "mgeni akinikosa mpeleke kwa fulani". Unaweza kubadilisha mlango, kitasa na rangi ya nyumba, jirani bado anapeleka wageni kwa fulani.

Sasa toka kwenye mabati, simama mahali penye mtandao mzuri, bonyeza *#62# kisha kitufe cha kupiga. Kama simu ina laini mbili hakikisha unatumia laini ya kazi. Ikikuandikia "Tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI" usikate tamaa: simu za 4G wakati mwingine hutaka kuuliza jambo hili kupitia data na data haina njia. Iweke 3G au 2G kwa muda, rudia. Kisha uliza *#61# nayo. Andika namba utakazoziona pembeni, hapa usizibandike.

FundiFriji_Ngamiani

Mzee, nimeishiwa maneno.

4G imegoma kweli, nikaiweka 3G ikakubali. *#61# imeleta namba fupi nisiyoijua. *#62# imeleta namba kamili, na naijua. Ni namba yangu! Laini yangu ya zamani ya pili, niliyokuwa naitumia kwa bando la bei nafuu. Hiyo laini sina tena, ilikwisha kufa zamani. Kwa hiyo simu zangu zinakwenda kwa maiti, na maiti anapokea?

Na mimi sijawahi kubonyeza msimbo wowote wa namna hiyo maishani.

DadaWaSimu_Makorora

Shikamoo baba fundi. Nauza simu, naomba niseme hapa maana naliona sana hili.

Simu nyingi za laini mbili zina laini mbili lakini redio moja. Ukiongea na laini ya kwanza, ya pili inakatika mpaka umalize, na anayekupigia kwenye ya pili anaambiwa haipatikani. Ili kuziba hilo baadhi ya simu zimewekewa kipengele kwenye mipangilio ya laini, kinakutaka uandike namba zako zote mbili. Ukikiwasha, simu inabonyeza misimbo yenyewe kimya kimya: laini ya kwanza isipopatikana ipeleke kwenye ya pili, na ya pili kwenye ya kwanza. Aliyekuuzia na kukuwekea simu ndiye anayekiwasha mara nyingi, kwa nia njema, na hakwambii.

Laini ya pili ukiiacha muda mrefu bila kuitumia, kampuni inaifunga, na baadaye namba ile ile inauzwa kwa mtu mwingine, ambaye naye anaisajili kwa alama zake za vidole na kitambulisho cha NIDA, halali kabisa. Huyo mama hana kosa lolote. Yeye kanunua laini dukani na tangu siku hiyo anapigiwa na watu wa samaki.

Kwa hiyo kabla ya kufuta huko mtandaoni, ingia kwenye simu ukizime hicho kipengele, la sivyo siku ukiweka laini mbili tena kinaweza kujirudishia chenyewe. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, uhakikishe ile ya zamani haimo. Na kama namba ile uliiandikisha benki, au kuna akaunti yoyote inayotuma tarakimu za uthibitisho huko, kaibadilishe mapema. Kupokea simu za friza ni kero tu. Kupokea tarakimu za benki yako ni jambo jingine.

Kijana_wa_Raskazone

Kumbe shemeji yetu aliipata namba kihalali. Naondoa maneno yangu.

Mstaafu_wa_Mitambo

Dada kamaliza, sina la kuongeza kwenye sababu. Fundi, futa hiyo moja tu: ##62# na upige. Kisha uliza tena *#62# uthibitishe kwa macho.

Kuhusu mashine ya Kiingereza, hiyo ni ile namba fupi kwenye 61. Unaweza kuifuta kwa ##61#, simu itaita mpaka ichoke. Lakini kwa kazi yako ningeielekeza kwa mtu. Je, una kijana kibandani? Andika **61*namba yake**30# na upige, namba yake ianze na +255. Hiyo 30 ni sekunde za kuita kabla haijahama. Zinakwenda kwa tano tano, 5 mpaka 30, zaidi ya hapo haipokei. Ukiandika mpya, ile ya mashine inaondoka yenyewe.

Angalizo la hela. Mpigaji analipia kukupigia wewe. Kipande cha kutoka kwako kwenda kwa kijana wako unalipia wewe mwenye laini, kwenye salio lako, ingawa hukuigusa simu. Na huyo mteja aliyelalamika kukatwa hela na mashine anasema kweli, mashine ikishaitikia, kwa mtandao ni sawa na simu iliyopokelewa.

FundiFriji_Ngamiani

Wakuu, nimerudi na majibu.

Kipengele nimekikuta, kiko wazi kimewashwa, na namba ya zamani imo. Nimekizima. ##62# imekubali. Leo asubuhi nimeingia makusudi kwenye chumba kile cha samaki, nikafunga mlango, nje nimemwacha kijana wangu apige. Kasema: kimya, kisha "namba unayopiga haipatikani kwa sasa". Sijawahi kufurahi kuambiwa sipatikani kama leo.

61 nayo nimeihamishia kwa huyo kijana na sekunde 30. Dogo kaniuliza, ikiingia kwake ataona namba ya nani? Tumejaribu, inaonekana ya mteja mwenyewe, kwa hiyo anaweza kumpigia akikosa.

Lililobaki lilikuwa nyumbani. Nilimweleza mke wangu habari za bati na povu na redio moja, akanitazama tu. Nikaona hapa maelezo hayatoshi. Nikaipiga ile namba ya zamani mbele yake, spika wazi. Akapokea yule mama. Kabla sijamaliza salamu kasema, "Kama ni friji, mimi siyo fundi." Nikamwambia fundi ndiye mimi. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe yuko Njombe! Anasema, "Baba, huku kwetu hatuhitaji friji, tunafungua dirisha. Kuna mtu kanipigia usiku analia kilo zake za changu zinaharibika, nikakosa la kumwambia, nikamwambia amwombe Mungu." Nilimjua aliyelia, na kweli aliniambia aliombewa na mtu.

Mke wangu akachukua simu, akamwomba radhi kwa lile la "wewe nani", wakaongea wao. Namba ya Njombe kaihifadhi kwenye simu yake. Mimi nimeambiwa niifute, nimefuta.

DadaWaSimu, *106# nimepiga, laini ya zamani haimo. Ila benki waliandika namba hiyo hiyo ya zamani kwenye fomu, Jumatatu nakwenda. Asante sana, hilo nisingelikumbuka.

DadaWaSimu_Makorora

Afadhali baba. Nenda na kitambulisho, watakutaka.

Na wengine mnaosoma, naomba mjue misimbo hii inageuzwa kuwa mtego. Mtu anakupigia anajifanya wa huduma kwa wateja, anakwambia "mtandao wako una hitilafu, bonyeza *21* halafu namba hii halafu reli (#)". Ukibonyeza umempa simu zako zote. Meseji haziendi kwake, kudaivati hakuhamishi meseji. Lakini WhatsApp inaweza kusoma tarakimu za uthibitisho kwa kupiga simu, na hiyo simu itaingia kwake, akaunti yako imekwenda, dakika chache baadaye anaomba hela kwa shangazi zako. Namba za matapeli zitumeni 15040.

Mpwa_Pongwe

Binamu yangu ndicho kilichomkuta hicho, sikujua tu kukieleza.

Mvuvi_wa_Moa

Samahani kuuingilia uzi wa fundi. Mimi niko Moa, Mkinga. Kwetu simu ikikosa mnara wa kwetu inashika wa Kenya, inaandika jina la mtandao wa huko. Hapo wanunuzi wa Tanga mjini hawanipati, wengine wanasikia hiyo mashine. Na mara moja moja salio linapungua nami sijapiga. Ni hili hili la 62?

Mstaafu_wa_Mitambo

Ni ndugu yake. Simu ikishika mnara wa nje na laini yako haijaruhusiwa kutumika nje, umeonekana hupatikani, 62 inafanya kazi. Ikiwa imeruhusiwa, hapo ndipo salio linapokwenda: simu inatoka Tanga inavuka mpaka kukufuata, hupokei, 61 inaamuru ipelekwe kwingine, inavuka tena kurudi Tanzania. Safari zote mbili za kuvuka zinaweza kuhesabiwa kwako, na wewe uko Moa hapo hapo ufukweni hujaenda popote.

Fanya hivi. Ingia mipangilio ya mtandao wa simu, ondoa uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki, chagua mtandao wako mwenyewe kwa mkono. Zima na matumizi ya nje ya nchi. Utakosa mtandao sehemu zenye mnara dhaifu, lakini hutalipia Kenya. Kisha ##61# na ##67#. Ile 62 unaweza kuiacha ielekee kwa mtu wako wa mjini, maana hiyo, ukiwa umezimika kabisa, inageuziwa huku huku nyumbani bila kuvuka.

Mvuvi_wa_Moa

Nimechagua kwa mkono, imekubali. Mtandao uko upau mmoja karibu na mnazi wa msikitini, ukisogea haupo. Nitawaambia wanunuzi wapige baada ya alasiri, nikiwa hapo.